Kurekodi seti ya DJ kwa vifaa nafuu: anza nyuma ya miksa

Taa nyekundu ya kinasa sauti ilikuwa inawaka na kuzima kando ya miksa, na kila rafiki yangu alipoinama kutafuta wimbo unaofuata aliiona na kuridhika. Alipiga muziki kwa muda wa saa tatu unusu. Kwa masikio yangu ilikuwa seti bora kuliko zote nilizowahi kumsikia akipiga. Mwisho wa usiku akabonyeza kitufe cha kusimamisha, akafungua orodha ya faili, na hapakuwa na kitu. Kwenye vinasa kadhaa, vikiwemo vya Tascam, ukibonyeza REC mara moja mashine inakaa tayari tu. Mishale ya sauti inacheza, taa inapepesa, ila hakuna kinachoandikwa kwenye kadi. Mpaka ubonyeze mara ya pili, taa itulie na sekunde zianze kuhesabika kwenye kioo. Seti ile imebaki vichwani mwetu tuliokuwepo.

Wanaoniuliza wanunue nini kwa kawaida wanataka jina la mashine, na majina nitayataja. Lakini nimesikiliza rekodi nyingi zilizoharibika, na ni chache mno zilizoharibika kwa sababu mashine ilikuwa ya bei ya chini. Karibu zote ziliharibikia pale miksa na kinasa vinapokutana: tundu lisilofaa, waya usiofaa, sauti iliyozidi, swichi iliyosahauliwa. Anayepaelewa mahali hapo anaweza kununua kinasa cha daraja la chini kabisa na kutoka na rekodi safi. Asiyepaelewa ataharibu hata kwa mashine ya studio. Kwa hiyo tuanzie kwenye miksa.

Umeme unaotoka na tundu linaloupokea

Maikrofoni hutoa umeme mdogo sana, milivolti chache tu. Ndiyo maana tundu la maiki lina kikuza sauti chenye nguvu nyuma yake. Miksa ya DJ inatoa sauti iliyokwisha kukuzwa, kiwango ambacho mafundi hukiita laini. Vifaa vya nyumbani, vile vya plagi za RCA nyekundu na nyeupe, hutumia laini ya takriban volti 0.3. Vya kitaalamu vyenye plagi kubwa za XLR hutumia takriban volti 1.2. Kati ya hizo mbili kuna pengo la karibu desibeli 12, na hapo tunazungumzia wastani tu. Ngoma ya besi ikidunda, umeme unapanda juu ya hapo.

Sasa chukua waya kutoka kwenye miksa uuchomeke kwenye tundu lililoundwa kwa ajili ya maiki. Umeme unaoingia ni mkubwa mara mia au zaidi ya ule uliotarajiwa. Ni sawa na kumpigia mtu kelele sikioni wakati ametega sikio asikie mnong'ono. Kikuza sauti kinafika mwisho wa uwezo wake, na vilele vya mawimbi vinakatwa vikawa bapa. Utaisikia: besi inakwaruza, matoazi yanakuwa kama mchanga unaomwagwa juu ya bati. Kilele kilichokatwa hakirudi. Programu zinazodai kukirudisha zinakisia tu umbo lililokuwepo, na ukiwa na saa tatu za muziki wa namna hiyo makisio yatasikika.

Hivyo swali la kwanza dukani, kabla ya biti na kabla ya chapa, ni hili: je, tundu la mashine hii linapokea laini? Tafuta maneno LINE IN au MIC/LINE IN kando ya tundu lenyewe. Kisha fungua kitabu cha maelekezo utafute kiwango cha juu kabisa cha kuingiza, kilichoandikwa kwa dBV au dBu, vipimo vya ukubwa wa umeme wa sauti. Kadiri kiwango hicho kilivyo juu, ndivyo kinasa kitakavyokuwa salama zaidi. Kama kile unachomudu kinapokea maiki tu, usikate tamaa. Kuna waya wenye vipingamizi ndani yake unaopunguza sauti kwa desibeli 20 hivi kabla haijafika kwenye mashine. Ni kitu kidogo na rahisi, na fundi yeyote wa vifaa vya umeme anaweza kukitengeneza.

Upande wa miksa nako kuna uamuzi. Nyuma yake kwa kawaida utakuta matundu ya aina tatu. MASTER ndilo linalokwenda kwenye spika za ukumbi, na mara nyingi limeshachukuliwa. BOOTH linakwenda kwenye spika ya DJ mwenyewe. REC OUT limewekwa kwa ajili ya kazi yetu hii, na uzuri wake ni kwamba kwenye miksa nyingi halifuati kitufe cha MASTER. Mwenye ukumbi akisema punguza sauti kuna mtu anataka kuzungumza, unashusha MASTER, spika zinatulia, na rekodi inaendelea kwa kiwango kilekile. Ukirekodi kutoka MASTER, kila mkono unaogusa kitufe kile unaonekana kwenye faili lako.

Kuna jambo moja la kuangalia kwenye REC OUT: maiki ya mshereheshaji. Miksa nyingine zinaipeleka kwenye tundu hilo, nyingine haziipeleki, na nyingine zina mpangilio wa kuchagua ndani ya menyu. Jaribu mapema, uamue unataka sauti yake iwemo au isiwemo.

Pasipo na REC OUT, kama ilivyo kwenye kontrola nyingi ndogo (meza za vitufe za kuendeshea programu ya DJ), BOOTH ni mbadala mzuri. Ina kitufe chake cha sauti, kwa hiyo unaweza kukishusha mpaka kinasa kipumue, mradi tu hakuna spika inayoitegemea. Lililobaki ni MASTER ya RCA wakati XLR zinakwenda kwenye spika. Na kama tundu ni moja tu, waya wa kugawa unaruhusiwa: sauti moja kwenda mashine mbili haina madhara. Kinyume chake, kuunganisha milango miwili ya kutolea sauti kwenye waya mmoja, ni kosa linaloweza kuunguza kifaa.

Hesabu pete za plagi

Waya wa kawaida wa kazi hii una RCA mbili upande mmoja na plagi ya stereo ya milimita 3.5 upande wa pili. Iangalie ile plagi ndogo kwa makini. Ikiwa na pete nyeusi mbili, ina sehemu tatu za kugusa: kushoto, kulia na ardhi. Hiyo ndiyo unayoitaka. Ikiwa na pete tatu imetengenezwa kwa ajili ya simu, na sehemu yake ya nne ni ya maiki. Plagi ya pete tatu kwenye kinasa inaweza kukupa upande mmoja tu, au sauti nyembamba kama inatoka mtungini.

Kutoka hapo unaona pia kwa nini kuchomeka miksa moja kwa moja kwenye tundu la hedifoni la simu hakufai. Tundu lile linapokea sauti kupitia sehemu moja tu, ile ya maiki. Matokeo yake ni mono, na kiwango chake ni cha maiki. Unapoteza stereo na bado unakwaruza.

Onyo lingine linahusu vinasa vyenye matundu ya XLR. Vingi vina swichi ya kupeleka volti 48 kwenye maiki, iliyoandikwa +48V. Ukiunganisha XLR ya miksa, swichi hiyo lazima iwe imezimwa kabla ya kuchomeka chochote. Volti hizo zikirudi kwenye mlango wa kutolea wa miksa zinaweza kuudhuru, na miksa hiyo huenda si yako. Vinasa vidogo vya plagi ya milimita 3.5 vina toleo lake dogo, PLUG-IN POWER, volti chache kwa ajili ya maiki za kubana shatini. Nalo lizime.

Mwisho, waya uwe mfupi, na plagi uifunge kwa utepe mezani. Kwenye meza ya DJ kuna mikono, vinywaji na nyaya za watu wengine, na plagi ya milimita 3.5 haina kufuli.

Pengine huna haja ya kununua

Kabla ya kutoa hela, angalia ulichonacho. Anayepiga kwa kompyuta kupitia Serato, rekordbox, Traktor au VirtualDJ ana kitufe cha kurekodi ndani ya programu yenyewe. Miksa nyingi za miaka ya karibuni zina kadi ya sauti ndani yake: waya mmoja wa USB kwenda kwenye kompyuta na sauti inafika ikiwa ya kidijitali, bila swali la laini wala maiki. Baadhi ya mashine zinazojitegemea, kama XDJ-RX2 ya Pioneer DJ, zinaandika seti nzima kwenye flashi.

Njia hizo zina mipaka, na ni vizuri uijue usiku haujafika. Serato na rekordbox hazikuruhusu kurekodi unapopiga nyimbo zinazotiririshwa kutoka kwenye huduma za intaneti. Kurekodi ni kwa faili ulizo nazo. Sauti inayopita kwenye miksa ya nje peke yake, kwa mfano maiki au mwenzako aliyechomeka mashine zake, haingii kwenye rekodi ya programu isipokuwa umeielekeza huko. Na kompyuta inayopiga muziki ikikwama, inakwama na rekodi yake. Kwa sababu hiyo ya mwisho peke yake, mimi napenda kinasa kiwe kitu cha pembeni, chenye betri yake, kisichojua lolote kuhusu kompyuta.

Mashine zenyewe

Vinasa vya mkononi vimegawanyika makundi mawili ya maana kwetu. La kwanza ni vile vidogo vyenye tundu la milimita 3.5: Tascam DR-05X inayotumia betri mbili za AA, Zoom H1n na H1essential zinazotumia AAA mbili. La pili ni vile vikubwa kidogo vyenye matundu ya XLR yanayopokea pia plagi ya robo inchi, kama Tascam DR-40X na Zoom H5. DR-40X inapokea laini ya kitaalamu ya +4 dBu, na H5 ina swichi za kupunguza desibeli 20 kwenye matundu hayo. Vyote viwili vinaweza kurekodi njia nne kwa wakati mmoja, yaani miksa kwenye njia mbili na maiki za mashine kwenye nyingine mbili.

Kwa DJ anayerekodi kutoka REC OUT, kundi la kwanza linatosha. Nalisema bila kusita. Sehemu ya bei ya kinasa cha mkononi iko kwenye zile maiki mbili zilizosimama kichwani kama pembe, na wewe hutazitumia. Sauti yako inaingia kwa waya. Kinachobaki ni tundu, kigeuzi cha sauti kwenda dijitali, na kadi. Vigeuzi vya vinasa hivi, hata vya miaka kumi iliyopita, vina ukimya wa kutosha kubeba sauti ya miksa bila kuongeza chochote kinachosikika juu ya muziki wa dansi.

Ndiyo maana mashine iliyotumika ni chaguo zuri sana hapa. Ukienda kuikagua, beba hedifoni, simu yenye muziki na waya. Chomeka, rekodi, kisha itikise plagi taratibu ndani ya tundu huku ukisikiliza. Upande mmoja ukikatika na kurudi, tundu limelegea, na hilo ndilo tundu utakalolitegemea kila wiki. Fungua mlango wa betri utazame vyuma: ukungu wa kijani au mweupe ni dalili kwamba betri iliwahi kuvuja. Ingiza kadi na kuitoa mara mbili tatu. Mikwaruzo ya nje isikuhangaishe.

Njia ya tatu ni kiunganishi cha USB. Behringer UCA222 na ndugu yake UCA202 ni viboksi vidogo vyenye RCA za kuingiza na kutoa, vinapokea laini moja kwa moja, na vinarekodi kwa biti 16 na kilohezi 48 (biti ni undani wa kila kipimo cha sauti, kilohezi ni maelfu ya vipimo kwa sekunde). Havina kitufe cha geini, yaani cha kukuza sauti inayoingia, cha kukosea. Vinakwenda na kompyuta yoyote, na simu nyingi za Android zenye toleo la 5.0 au jipya zaidi zinavitambua kupitia adapta ya OTG, ile inayoiwezesha simu kupokea kifaa cha USB. Kwa mtu ambaye tayari ana kompyuta ya pili au simu ya zamani droo­ni, hii ndiyo njia nafuu kuliko zote. Ukitumia simu, iweke hali ya ndege, zima kila arifa, hakikisha programu ya kurekodi inaendelea kufanya kazi kioo kikizimika, na pima betri kwa saa zote za seti, kwa kuwa kiboksi kinakula umeme wa simu hiyohiyo.

Kurekodi kwa maiki ya simu iliyowekwa juu ya meza sikushauri hata kwa muda. Simu nyingi zina marekebisho ya sauti yanayojiendesha: besi ikidunda kila kitu kinabanwa chini, ikitulia kila kitu kinainuka, na muziki unaanza kupumua kama mtu aliyepanda ngazi mbio.

Biti, kilohezi na nafasi kwenye kadi

Hapa matangazo yanazungumza sana, na uamuzi ni mwepesi. Weka biti 24 na kilohezi 48, faili la WAV, uendelee na mambo mengine. Kilohezi 96 zinaongeza ukubwa wa faili mara mbili na hazimpi msikilizaji wa seti chochote, hasa kwa kuwa nyimbo nyingi unazopiga zilitengenezwa kwa 44.1 au 48.

Biti ndizo zenye faida ya kweli, kwa sababu moja. Kila biti ina thamani ya karibu desibeli 6. Ukirekodi kwa biti 24 na kuacha desibeli 12 juu wazi kwa ajili ya usalama, umetumia biti 22, na CD ina 16. Kwa hiyo kurekodi chini kidogo hakukugharimu chochote. Ile hofu ya zamani kwamba lazima mishale iguse juu ndipo sauti iwe nzuri ilitoka enzi za kaseti, ambako kurekodi chini kulileta mlio wa mkanda.

Kwa biti 24 na kilohezi 48, saa moja ya stereo inachukua takriban GB 1. Kadi ya GB 32 inabeba kama saa 30. Vinasa vingi huligawa faili linapofika GB 2 au 4, kwa hiyo seti ya saa nne inaweza kutoka ikiwa vipande viwili au zaidi; viunganishe kwenye programu kama Audacity, ambayo ni ya bure, na usikilize maungio. Kadi ya kasi kubwa ni hela ya bure kuitoa, maana rekodi yetu inahitaji chini ya nusu MB kwa sekunde.

Kadi bandia ndiyo hatari halisi. Zinauzwa kadi zinazojitangaza GB 128 wakati ndani yake kuna nafasi ndogo zaidi. Zinakubali kuandikwa bila kulalamika, halafu data inaandikwa juu ya data. Kila kadi mpya ijaribu kwanza kwa programu inayoijaza yote na kuisoma tena: H2testw kwenye Windows, F3 kwenye Mac na Linux. Inachukua saa kadhaa. Kisha ifomati ndani ya kinasa chenyewe, si kwenye kompyuta.

Na biti 32 floti, inayopigiwa debe kwenye vinasa vipya kama H1essential? Ni teknolojia nzuri kweli. Kinasa cha aina hiyo hakihitaji kupangiwa geini, na sauti iliyoonekana kuzidi inaweza kushushwa baadaye ikiwa nzima. Lakini haifuti sheria ya tundu. Umeme ukizidi kile ambacho sehemu ya mwanzo ya mashine, iliyo kabla ya kigeuzi, inaweza kubeba, unakatwa hapo, na floti inahifadhi kwa uaminifu mkubwa wimbi lililokwisha kukatwa. Hali kadhalika DJ akipiga huku taa nyekundu za miksa zimewaka usiku kucha, uharibifu umefanyika ndani ya miksa. Hakuna kinasa kitakachoutengua.

Kupanga kiwango

Dakika kumi kabla ya kuanza, piga wimbo mzito kuliko yote uliyonayo kwa usiku ule, kwenye sehemu yake yenye ngoma na besi kamili. Miksa iwe kwenye kijani, ikigusa njano. Ndipo upange geini ya kinasa mpaka vilele viguse kama desibeli –12 kwenye kioo chake. Wengine wanapanga –6, na kwenye jaribio –6 inapendeza. Mimi nabaki na –12 kwa sababu nimeona jinsi usiku unavyokwenda: masikio yanachoka, DJ anasukuma geini kidogo kidogo, nyimbo mbili zinapishana kwa dakika nzima zikijumlisha sauti zao, na kufikia saa ya tatu kila kitu kiko juu kwa desibeli kadhaa kuliko kilivyoanza.

Kisha pitia menyu. AUTO LEVEL izimwe, kwa sababu ileile ya simu inayopumua. LOW CUT izimwe. Inakata besi ili kuondoa upepo kwenye mazungumzo, na wewe besi ndiyo unayoitaka. LIMITER, inayozuia vilele visipite kiwango, unaweza kuiacha kama mkanda wa usalama, ila ukiona inafanya kazi ujue umepanga juu mno.

Weka hedifoni kwenye kinasa usikilize, usiishie kutazama mishale. Ukisikia mvumo mzito usiobadilika hata muziki ukiwa kimya, hicho ni kitanzi cha ardhi: vifaa viwili vilivyochomekwa kwenye umeme wa ukutani vimeunganishwa ardhi kwa njia mbili, na mawimbi ya gridi, hezi 50 au 60 kutegemea nchi, yanaingia kwenye sauti. Kompyuta iliyo kwenye chaji ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. Ichomoe chaja usikie tofauti. Kinasa kinachotumia betri zake hakina njia ya pili ya ardhi, na kwa hiyo tatizo hili kwa kawaida hakilijui kabisa. Viboksi vya kutenganisha ardhi vipo, lakini vile vya bei rahisi sana vina transfoma ndogo zinazomeza besi.

Betri ziwe mpya au zilizochajiwa siku hiyo. Kama unatumia za kuchaji, ambazo ni volti 1.2, ichagulie mashine aina hiyo kwenye menyu, vinginevyo itapima vibaya kiasi kilichobaki. Pawabenki inasaidia kwa seti ndefu, ila ijaribu nyumbani kwanza: kinasa kinakula umeme kidogo mno, na pawabenki nyingi zikiona matumizi madogo hudhani hakuna kilichochomekwa, zinajizima. Acha betri ndani hata hivyo. Umeme ukikatika ghafla kabla hujasimamisha, kinasa huenda kisipate nafasi ya kukamilisha kichwa cha faili, na WAV itasoma sifuri ingawa muziki wote uko kwenye kadi. Data hiyo inaweza kuokolewa na anayejua, mradi hujarekodi kitu kingine juu yake.

Ukianza, bonyeza REC, hakikisha sekunde zinahesabu, kisha sogeza swichi ya HOLD ili mkono usije ukazima kwa bahati mbaya.

Sauti ya watu

Rekodi ya REC OUT pekee ni safi na kavu. Ina kila mpito na kila besi, ila haina ule mlipuko wa ukumbi wimbo fulani ulipoingia. Kwa baadhi ya seti ukavu huo unafaa. Kwa nyingine ni hasara kubwa, na hapa ndipo zile pembe za kinasa zinapata kazi.

Mwenye kinasa cha njia nne anarekodi vyote pamoja. Mwenye kidogo anaazima cha pili, au anatumia simu kwa sauti ya watu tu, akiiweka mbali na spika na karibu na umati. Besi isikuumize kichwa: kwenye kompyuta utaikata yote kwenye rekodi ya ukumbi, chini ya hezi 200 au 300, na kubakiza makofi, vigelegele na kuimba. Muziki mwenyewe utatoka kwenye rekodi ya waya.

Rekodi mbili hizo hazitalingana zenyewe. Sauti hewani hutembea takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo maiki iliyo mita 10 kutoka kwenye spika inapokea ngoma milisekunde 29 baada ya waya. Bila kurekebisha, kila pigo litasikika mara mbili. Tafuta pigo moja lenye ncha kali mwanzoni mwa seti, likuze kwenye kioo mpaka uone mawimbi, kisha sogeza rekodi ya ukumbi nyuma mpaka vichwa vilingane.

Halafu nenda mwishoni mwa seti uangalie tena. Kama ulitumia mashine mbili, kila moja ina saa yake ndani, na saa hizo hazifanani. Zikipishana kwa sehemu 20 tu kwa milioni, baada ya saa moja rekodi zimeachana kwa milisekunde 72, na mwangwi umerudi. Audacity inaweza kubadilisha kasi ya rekodi ya ukumbi kwa kiasi kidogo kinachohitajika. Njia ninayoitumia zaidi ni kuikata rekodi ya ukumbi vipande, kila kipande dakika kumi hivi, na kukilinganisha kimoja kimoja. Maungio yanafichika vizuri chini ya makofi. Ukimaliza, ishushe sauti ya watu mpaka usiisikie, kisha ipandishe polepole na kuacha pale tu utakapohisi kuta za ukumbi.